Jiwe Jekundu la Mirihi

Watoto, usiku mwingine mnaona juu nyota moja nyekundu. Si nyota kweli: ni dunia nyingine, jina lake Mirihi. Wekundu wake watoka katika kutu. Mavumbi yake yana chuma, nacho chuma kimeshika kutu, kama jembe lililoachwa mvuani.

Hakuna mtu aliyefika kule. Lakini wenye elimu wa Marekani walipeleka gari lisilo na dereva, liitwalo Curiosity. Lina magurudumu sita na mkono wa chuma. Uzito wake ni kilo 899. Lilitua katika mwezi wa Agosti 2012, ndani ya shimo kubwa liitwalo Gale.

Gari linajuaje kilichomo katika jiwe? Kwanza kwa nuru. Ukitupa chumvi kidogo motoni, mwali unageuka manjano. Kila kitu kikiwaka kina rangi zake. Gari hupiga jiwe kwa nuru kali sana, hata sehemu ndogo kama ncha ya sindano inawaka. Kisha husoma rangi zile, hata kama jiwe liko mbali mita 7.

Lakini nuru hiyo hugusa juu tu. Kujua ya ndani, sharti kutoboa. Katika Februari 2013 gari lilitoboa jiwe mara ya kwanza, sentimeta 6 na zaidi. Tazameni ajabu! Juu jiwe lilikuwa jekundu, lakini unga uliotoka ulikuwa na rangi ya majivu. Kutu ilikuwa ngozi tu.

Unga ule ulitiwa katika mashini mbili tumboni mwa gari. Moja iliupiga kwa miali kama ile ya hospitali inayoonyesha mifupa. Ya pili iliuchoma katika tanuru ndogo, ikapima hewa zilizotoka. Ndani mlikuwa na udongo laini, jamaa ya udongo wa mfinyanzi. Udongo huo hufanyika penye maji. Basi zamani sana pale palikuwa na maji, nayo hayakuwa makali kama ndimu, wala hayakuwa na chumvi nyingi.

Je, palikuwa na viumbe vyenye uhai? Unga ule haukuonyesha hayo. Nyumba njema si shahidi kwamba mtu alikaa ndani. Mwenye elimu husema aliyoyaona, hazidishi.

Maulizo
1. Kwa nini Mirihi ni nyekundu?
2. Unga wa jiwe ulikuwa na rangi gani?
3. Tunajuaje kwamba palikuwa na maji?