Dada, Ninunue PS2 ya Zamani?

Mdogo wangu wa Nyashimo, swali lako nimelipata. Jamaa anafunga kibanda chake cha gemu, anauza PS2 na CD zake zote, nawe pesa ya pamba imeingia. Wenzako wanakucheka eti unanunua skrepa.

Nunua. Ila pesa isitoke mfukoni kabla hujamaliza kunisoma.

Hao wanaokucheka wana gemu mpya kwenye simu, sawa. Waulize bando likiisha wanacheza nini. Gemu nyingi za siku hizi zinategemea seva ya kampuni, na kampuni ikichoka, hata uliyelipa huna chako. Tarehe 31 Machi 2024 Ubisoft walizima seva za The Crew, gemu ya magari iliyotoka mwaka 2014. Hata kwa mwenye diski yake kabatini, ikawa haichezeki. PS2 haina mambo hayo. Ilitoka Japani mwaka 2000, Sony wakaacha kuitengeneza mwanzoni mwa 2013 wakiwa wameuza zaidi ya milioni 150. Mpaka leo ukiweka CD ya gemu ya mpira, PES 2014, umeme ukiwepo, mechi inaanza, na anayefungwa anaachia pedi kama kawaida.

Sasa kagua. Nenda mchana, iwashwe mbele yako, taa nyekundu igeuke kijani. Usiridhike na menyu: lenzi iliyochoka hufungua menyu vizuri kabisa, kisha hugoma pale timu zinapotakiwa kuingia uwanjani. Cheza mechi nzima, ubadilishe CD, ucheze nyingine. Kama ni ile nyembamba yenye adapta ya nje, soma maandishi ya adapta: inatakiwa volti 8.5. Watu huchomeka ya king'amuzi yenye volti 12, halafu wanamlaumu fundi. Jaribu pia kusevu kwenye memori kadi. Na kabla hujatoka nyumbani, angalia nyuma ya TV yenu kama kuna matundu ya waya za njano, nyeupe na nyekundu. TV bapa mpya nyingi hazina.

Kisha geuza CD moja moja. Halisi ya PS2 huwa na upande wa chini wa rangi ya fedha au buluu. Ikivuta zambarau, imechomwa kwenye kompyuta ya mtu. CD hizo zitacheza kama mashine imewekewa chipu, lakini usizilipie bei ya halisi. Na tusidanganyane, vibandani kwetu nyingi ni hizo.

Kuhusu utajiri, sahau. Ndiyo, Julai 2021 kopi moja ya gemu ya Super Mario 64 iliuzwa mnadani Marekani kwa zaidi ya dola milioni 1.5. Ile ilikuwa haijawahi kufunguliwa. Hiyo yako imekula vumbi la barabara ya Musoma miaka mingapi?

Thamani yake nyingine hao wanaokucheka hawaioni. Mwaka 2023 Video Game History Foundation ya Marekani ilitoa utafiti kwamba asilimia 87 ya gemu zilizotoka huko kabla ya 2010 haziuzwi tena madukani. Hizo ni za Marekani, zenye watu wa kuzihesabu. Za kibanda cha Nyashimo nani atazihesabu? Fungua ile memori kadi yenye MB 8 tu. Ukikuta vijana walihariri timu, wakaandika majina ya wachezaji wa Simba na Yanga au majina yao wenyewe, usifute! Hakuna kampuni ya Japani yenye kopi ya kitu hicho. Nakili kwenye kadi ya pili, uandike kwa kalamu ilitoka kibanda gani na mwaka gani. CD nazo zikae kwenye kasha, mbali na jua, na zishikwe pembeni.

Kama unawaza kufungua kibanda chako, kaulize leseni halmashauri ya Busega kwanza, na mwanafunzi mwenye sare asiguse pedi saa za masomo. Hapo sitaki mjadala.

Mwisho, bei. Usitaje yako kwanza. Kila CD isiyosoma iteremshe bei, pedi zote mbili ziwemo, na memori kadi asikwambie inauzwa kando. Pesa ya viuadudu vya msimu ujao mkabidhi mama kabla hujaenda kibandani.