Kufundisha Watoto Wadogo Nakivale: Pa Kuanzia

Makazi ya Nakivale, wilayani Isingiro, yamekuwa yakipokea wakimbizi tangu mwishoni mwa miaka ya 1950. Leo Wakongomani, Warundi, Wanyarwanda, Wasomali na Waethiopia wanaishi humo, jirani na Wanyankole wenyeji, na watoto wao wa miaka minne huweza kukutana kwenye mkeka mmoja. Kijitabu hiki ni cha yule anayetaka kuwapokea pale mlangoni asubuhi.

Kwanza ijue kazi yenyewe. Sheria ya Elimu ya 2008 inaitambua elimu ya awali kuwa ngazi ya kwanza ya elimu Uganda, ila imeachiwa wazazi, makanisa, misikiti, mashirika na watu binafsi kuiendesha. Ndiyo maana malipo yanatofautiana sana, na karo ikichelewa, mwalimu naye husubiri. Tunalisema mapema kwa sababu wengi hulijua wakiwa wameshaliacha shamba. Siku ya kwanza uliza: nani analipa, kiasi gani, na kama ni mradi, unaisha lini?

Kuwa mkimbizi hakukuzuii. Sheria ya Wakimbizi ya 2006 inakupa haki ya kufanya kazi, na lugha zako ni mtaji ambao vituo vingi vinauhitaji. Mtoto aliyefika juzi kutoka Kivu, akiamriwa kwa Kiingereza akae, hukaa kwa kuwa wenzake wamekaa. Mwulize kwa Kiswahili kwa nini analia, atakwambia kiatu kinambana. Ukijua pia Kinyarwanda, Kisomali au Kinyankole, litaje hilo mapema unapoomba kazi.

Nenda kwenye kituo kilicho karibu nawe uombe kusaidia kwa wiki chache kabla hujalipia masomo popote. Utajua haraka kama moyo wako uko huko. Tazama watoto wanavyocheza, maana katika umri huu mchezo ndio somo. Wape vizibo vya soda, waambie wavitenge kwa rangi, kisha nyamaza. Mmoja atavipanga mstari, mwingine atamnyang'anya, watazozana, halafu wataanza kugawana kimoja kimoja wakihesabu kwa sauti. Kumkalisha mtoto wa miaka mitatu asubuhi nzima akinakili herufi ni kumchosha bure, hata kama wazazi wanataka kuona daftari limejaa. Zungumza nao, waalike waje watazame.

Fimbo haina nafasi. Sheria ya Watoto, kwa marekebisho ya 2016, inakataza adhabu ya viboko katika taasisi zote za elimu, na anayeikiuka anaweza kufungwa. Vilevile mtoto akikuonyesha dalili za kuumizwa nyumbani, usimhoji mbele ya wenzake wala usinyamaze. Mweleze mkuu wa kituo, au piga 116, simu ya bure ya kuwasaidia watoto nchini Uganda.

Kwenye masomo, kuwa mwangalifu. Sera ya Taifa ya Walimu ya 2019 inataka kila mwalimu, hata wa chekechea, afikie shahada. Kozi za cheti zilizozoeleka zinabadilishwa, na hapo ndipo watu hupoteza fedha. Kabla ya kulipa ada yoyote, nenda ofisi ya elimu ya wilaya, Isingiro, uulize kama chuo kimesajiliwa na kama kozi yenyewe inatambuliwa na Wizara ya Elimu na Michezo. Mjini Mbarara kuna Chuo Kikuu cha Bishop Stuart, kinachofundisha walimu. Waulize sifa za kujiunga na kama unaweza kusoma wakati wa likizo huku ukiendelea na kazi.

Uliyesoma Kongo au Burundi, vyeti vyako vya sekondari hulinganishwa na vya Uganda kupitia Baraza la Mitihani la Taifa, UNEB. Vilivyo kwa Kifaransa vitahitaji tafsiri ya Kiingereza, kwa hiyo anza mapema, na usimwachie mtu nakala halisi.

Na kila unapoondoka kituoni, hata kama ulijitolea tu, omba barua yenye tarehe ulizofanya kazi, umri wa watoto uliowafundisha, na sahihi ya mkuu wa kituo.