Boneti Lina Moto, Injini Haifi

Mdogo wangu wa Mbezi, ujumbe wako nimeusoma mara mbili, na mara ya pili nimecheka kidogo, unisamehe. Umefika nyumbani kutoka Posta saa mbili usiku, foleni imekukamua, umezima gari. Ukagusa boneti, ukautoa mkono mbio. Feni ikawa inavuma yenyewe na ufunguo unao mkononi, na huku chini kitu kinalia tik, tik, tik. Jirani akakutangazia msiba: injini inakufa.

Haifi. Mshukuru jirani, halafu njoo tuongee.

Injini ni jiko, mwenzangu. Petroli unayoichoma, kama theluthi tu ndiyo inayosukuma gari, na kwenye foleni ni pungufu ya hapo. Iliyobaki ni joto: lipo linalotoka na moshi kwenye eksozi, lipo linalobebwa na maji ya rejeta. Injini ikishapata moto wake wa kawaida, maji hayo huwa nyuzi 85 hadi 105 hivi, na hayatokoti kwa kuwa mfuniko wa rejeta umeyabana kwa presha, na kulenti iliyochanganywa humo nayo inasaidia. Boneti lililofunika jiko la namna hiyo litapoa vipi?

Tena ukizima, joto hupanda kidogo kabla ya kushuka. Pampu ya maji imesimama, upepo wa mwendo haupo, lakini chuma cha injini bado kimewiva na kinayapasha maji yaliyotuama. Ndiyo maana kuna magari ambayo feni huendelea dakika kadhaa baada ya kuzima. Ile tik tik ni eksozi inapoa na kusinyaa. (Gari lenye eksozi ya moto hivyo usiliegeshe juu ya majani makavu. Inaweza kuyawasha.)

Nakuambia haya kwa sababu uoga wa joto ulishanigharimu. Mwaka wangu wa kwanza wa kuendesha nililalamika hivihivi kwa fundi mmoja, akanitolea thamostati, eti gari lipumue. Nikafurahi! Kumbe thamostati ndiyo mlango unaozuia maji yasiende kwenye rejeta mpaka injini ipate moto. Bila hiyo, ile taa ya bluu ya kwenye dashibodi, inayosema injini bado ya baridi, ikawa inanisindikiza karibu mpaka kazini, na injini ya baridi inakunywa mafuta. Nilikuja kununua thamostati nyingine na kulipa ufundi mara ya pili, kwa ugonjwa ambao gari halikuwa nao.

Wewe jifunze tabia ya gari lako. Kama lina geji, mshale hukaa wapi siku zote? Ukizoea kuuona chini kidogo ya katikati, siku ukivuka hapo ndiyo siku ya kuuliza. Magari kama Passo na Vitz nyingi hayana mshale, yana bluu na nyekundu tu, na nyekundu haina mjadala. Sikilizia pia harufu tamutamu ya kulenti, na tazama sakafuni: maji meupe yasiyo na harufu ni ya AC, yenye rangi ya kijani au pinki ni kulenti inavuja.

Nyekundu ikiwaka, tuseme unapanda mlima Kitonga nyuma ya lori linalojikongoja, injini inavuta kwa nguvu na upepo wa kuipoza hakuna, weka pembeni na uzime. Mfuniko wa rejeta usiuguse, hata abiria wakikusumbua vipi. Maji yale yakipata upenyo yanakurukia usoni. Subiri nusu saa, ikiwezekana zaidi. Wala usimwagie injini maji ya baridi, hedi inaweza kupasuka, na bei ya hedi utaijua siku hiyo.

Kesho asubuhi, kabla hujawasha, fungua boneti utazame kichupa cha kulenti. Kina alama mbili, ya juu na ya chini. Ikiwa kati ya hizo, funga uende zako kazini. Ikiwa inapungua kila wiki, hapo sawa, nenda kwa fundi.

Na yule jirani, hebu muulize thamostati ya gari lake iko wapi.