MKONDO WA MAISHA: KWA NINI NILIACHA KUMCHEKA MJOMBA

Mwaka huu Chama cha Kiswahili kimenipa nafasi niandike makala ya mafunzo. Nimechagua somo ambalo halimo katika vitabu vyetu vya kidato cha tatu, lakini limo katika kila nyumba ya huku kwetu Likoni.

Somo hili nililipata kwa mpangaji wetu, dada anayesomea kazi ya ustawi wa jamii chuoni. Huwa ananiazima madaftari yake. Humo nikakuta kitu kiitwacho mkondo wa maisha. Kwa ufupi ni hivi: ukitaka kuielewa tabia ya mtu, usimtazame alivyo leo peke yake. Yafuate maisha yake tangu utotoni, uone yalipinda wapi na kitu gani kiliyapinda.

Sasa nitoe mfano. Mjomba wangu ni hamali wa mkokoteni pale feri. Akipata barua huniita nimsomee. Mama mdogo, ndugu yake wa tumbo moja, ni mwalimu wa chekechea. Mimi nilikuwa nikisema, "Hawa wamezaliwa na mama mmoja, wamekula chungu kimoja. Basi mjomba ni mvivu tu!" Hebu tumpime kwa kanuni nne za somo hili.

1. Wakati na mahali

Kila mtu huzaliwa na rika lake, na rika hupita katika mambo ya zama zake. Mjomba alizaliwa 1986. Usiku wa tarehe 13 Agosti 1997 kituo cha polisi cha Likoni kilivamiwa, na ghasia zikaenea. Watu zaidi ya 100 waliuawa na maelfu wakahama makwao. Mjomba alikuwa na miaka 11, yuko darasa la tano. Bibi aliwabeba wanawe, mama mdogo akiwa mgongoni, wakavuka kwenda kwa jamaa Changamwe. Waliporudi, watalii walikuwa wameacha kuja, na hoteli nyingi za Pwani zikapunguza wafanyakazi. Babu, ambaye alikuwa mpishi wa hoteli, akawa yuko nyumbani tu. Siku hizo shule ya msingi ilikuwa ya kulipia. Mjomba akarudishwa nyumbani kwa ajili ya pesa, mara ya kwanza, mara ya pili, kisha basi.

2. Umri

Jambo moja likiwakuta watu wawili kwa umri tofauti, huwafanya watu wawili tofauti. Januari 2003 serikali iliondoa karo katika shule za msingi. Mama mdogo, aliyezaliwa 1996, aliingia darasa la kwanza bila tabu. Mjomba alikuwa na miaka 17, ndevu zimeanza kuota. Alikwenda siku tatu. Watoto wakamwita "baba", akatoka.

Mtaalamu wa Marekani, Glen Elder, alilionyesha jambo hili. Katika kitabu chake cha 1974 alifuata maisha ya watoto wa Oakland, California, waliozaliwa 1920 na 1921, ambao wengi wao baba zao waliharibikiwa kikazi uchumi ulipoanguka kuanzia 1929. Baadaye akawalinganisha na watoto wa Berkeley, mji jirani, waliozaliwa 1928 na 1929. Wale wa Oakland dhiki iliwakuta wameshapata akili. Wengi walifanya vibarua na kusaidia nyumbani. Wale wa Berkeley iliwakuta wangali wachanga, na iliwaumiza zaidi, hasa wavulana.

Msomaji ataniuliza, "Mbona kwenu ni kinyume, mdogo ndiye aliyeokoka?" Ni kweli. Alipofika umri wa shule, mlango ulikuwa umeshafunguliwa. Kwa hiyo kanuni haisemi kwamba mdogo ndiye huumia siku zote. Inatutaka tuulize: jambo hili lilimkuta ana umri gani?

3. Maisha yaliyoshikana

Hakuna aishiye peke yake. Nilimwuliza bibi karo ya sekondari ya mama mdogo, 2011 hadi 2014, ilitoka wapi. Bibi akanitazama sana, akasema, "Kwani wewe hujui? Ni huo mkokoteni unaoucheka." Niliona haya. Wahenga walisema, ukiona vyaelea, jua vimeundwa. Mimi nilikisifu chombo, fundi nikamcheka.

4. Mtu ana hiari yake

Tumezoea kusema samaki mkunje angali mbichi. Ni kweli, utoto una nguvu. Lakini kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Wengi wa vijana wale wa Marekani walipata nafuu walipoingia jeshini na baadaye kusomeshwa na serikali. Na hapa Kenya, mzee Kimani Maruge aliingia darasa la kwanza karibu na Eldoret mwaka 2004, akiwa na miaka 84! Pahali kama hapo pa kubadilisha njia panaitwa pindo la maisha.

Ndiyo maana wafanyakazi wa ustawi wa jamii hujifunza somo hili. Akiletewa mtoto mtoro au mzee aliyetupwa na wanawe, haanzi kwa kumlaumu. Huuliza kwanza: ni mambo gani yalimpata, lini, na alikuwa na nani? Kisha hutafuta mahali pa kumsaidia apinde upya.

Mimi nilimwendea mjomba nikamwomba radhi. Alicheka. Akasema, "Mimi sikuwata shule, shule ndiyo iloniwata." Nikamwambia habari za ngumbaru. Bado hajakubali kwenda. Asema aona haya. Lakini siku hizi barua ikija hanipi nisome. Huisoma mwenyewe polepole, kidole kikifuata maneno, na mimi hukaa kando ningoje kuulizwa.

Maswali ya kujipima

(a) Taja kanuni nne za mkondo wa maisha.
(b) Kwa nini kuondolewa karo mwaka 2003 hakukuwafaa ndugu hawa wawili sawasawa?
(c) Chagua mtu mmoja mtaani kwenu ambaye watu humcheka. Mwulize kwa adabu alikopitia, kisha andika insha ya ukurasa mmoja.