Usalama na Afya: Jasho Lisilokauka

Kila mwaka, mwezi wa 9 na wa 10, mbele ya mvua kuanza, jua la Lubumbashi linakuwa kali. Ndipo tunasikia maneno haya mbele ya furu: «Shefu, hii tabliye inaniua. Niitoe kidogo?» Tusimcheke mwenye kusema vile. Anasema nusu ya kweli.

Shaba inayeyuka kwa joto la digri 1.085. Tangu mwaka 1911, furu za Lubumbashi zilipotoa shaba ya kwanza, kila aliyefanya kazi pale anajua tone moja linavyofanya ngozi. Kwa hiyo tabliye haitoki. Lakini inafaa tufahamu nguo hizi zinaufanyia mwili nini.

Joto la mwili wa mtu mzima ni kama digri 37. Ukishika beleshi na kupiga kazi, misuli inazaa joto jingi, na mwili unalitoa kwa jasho. Lakini sikia vizuri: si jasho lenyewe linalopoza, ni kukauka kwake. Mama mwenye mtungi wa udongo nyumbani anajua jambo hili. Maji yanapenya kidogo kidogo mpaka nje ya udongo, yanakauka, na yale ya ndani yanabaki baridi. Funga mtungi ule katika plastiki, maji yatakuwa vuguvugu.

Nguo za plastiki zinazotukinga na asidi zinafanya vile vile. Jasho linashuka mpaka katika bote, litri moja au zaidi kwa saa, na mwili haupoi hata kidogo. Tena mvua ikianza usifikiri taabu imekwisha: hewa inajaa unyevu, na jasho linakawia kukauka.

Basi, tufanye nini? Nguo inabaki mwilini mahali pa hatari. Kinachopunguzwa ni wakati wa kukaa pale. Shefu wa ekipi apange zamu fupi. Mahali pa kupumzikia pawe kivulini, mbali na furu, na pale ndipo nguo nzito inatolewa. Kunywa kikombe kimoja cha maji kila dakika 15 au 20, usingoje kiu. Lakini usipite litri moja na nusu kwa saa. Zamani watu wa furu walipewa vidonge vya chumvi. Leo waganga hawavisifu tena: chumvi ya chakula inatosha, isipokuwa munganga mwenyewe akuamuru.

Tumwangalie sana kijana mpya. Ana nguvu, ana haya ya kupumzika mbele ya wazee, na mwili wake haujazoea. Katika migodi ya dhahabu ya Afrika ya Kusini, ambako joto la chini ya ardhi liliua watu, walijifunza karibu miaka 100 iliyopita kwamba mtu anazoezwa joto polepole. Siku ya kwanza apewe sehemu moja ya tano ya kazi ya joto, kesho yake sehemu mbili, hivyo hivyo mpaka siku ya tano. Hata mzee wa kazi, akirudi kutoka konje ya juma moja au zaidi, mwili umeanza kusahau. Aanze na nusu.

Sasa jambo kubwa. Mwenzako anapepesuka, anakasirika bure, anasema maneno yasiyo na maana. Wengine watacheka: «Amekunywa lutuku!» Wengine watasema ni malaria, alale kidogo. Usimwache alale! Pengine joto la mwili wake limepita digri 40, na kila dakika inaharibu ubongo. Kama ana asidi juu ya nguo, mwoshe kwanza. Mtoe nguo, mmwagie maji baridi mwili mzima, mpepee, mweke barafu shingoni na kwapani kama ipo. Mwingine aite munganga wakati ule ule. Asiyejifahamu usimnyweshe kitu. Na usingoje ngozi yake ikauke ndipo uamini, kwani wengine wanaanguka wakiwa wangali wanatoka jasho.

Nawe mama wa nyumba, unajua jambo ambalo shefu hajui. Baba akikesha na homa, au akiharisha usiku, mwili wake umekwisha kupoteza maji kabla ya kuvaa salopeti. Mwambie asifiche. Apite kwanza kwa munganga, na shefu ampe siku ile kazi nyingine, mbali na furu.