Dondoo muhimu: Sweta la kichanga

Kwa baridi ya Njombe ya Juni na Julai, sweta la kufuma kwa mkono ndilo zawadi ya mzazi. Kwanza fuma kipande cha sentimita 10 kwa 10, uhesabu vitanzi. Mimi niliwahi kuiruka hatua hiyo. Sweta likamtosha kaka mtu, wa darasa la kwanza! Madonge ya uzi nunua yote siku moja, yenye namba moja ya rangi kwenye lebo, maana bluu mbili juani hugombana. Kitanzi kikichoropoka, usifumue kazi nzima: kidake kwa sindano ya kroshia, ukipandishe ngazi kwa ngazi hadi mstari wa juu. Begani weka vifungo vya kufungua shingo, ukivikaza. Kichwa cha mtoto kikubwa, jamani. Baada ya kulifua sweta, usilining'inize kambani. Litandaze juu ya taulo.