Bustani ndani ya beseni bovu

SWALI: Watoto wangu wana miaka 4 na 6. Likizo kubwa wanakaa tu nyumbani. Niwape kazi gani isiyo na gharama? – Mama, Kasongo

JIBU: Mama, anza na lengalenga. Mtoto hana subira, na mboga hii huchipuka ndani ya siku chache, ikavunwa baada ya wiki 3 au 4. Toboa beseni bovu chini, ujaze udongo mweusi na samadi kavu ya mbuzi. Mbegu ni ndogo mno, kiganja cha mtoto huzimwaga zote mahali pamoja. Zichanganye kwanza na mchanga mkavu, ndipo anyunyize. Kiangazi hiki wamwagilie asubuhi na jioni, kwa chupa ya plastiki yenye kifuniko kilichotobolewa kwa msumari. Wataloa. Waache.

Yule mkubwa atataka gari: kopo la sadini, magurudumu ya kandambili iliyokatika, vijiti vya kuti la mchikichi. Kingo za kopo zigonge wewe mwenyewe kwa jiwe.

Ila wanapotafuta vitu vya kuchezea, mihogo michungu wasiiguse wala kuitafuna mibichi. Ina sumu.